Gaza ipi, Mjomba?

Ujumbe wa sauti wa Mjomba uliingia kwenye grupu la ukoo jioni moja mwishoni mwa Januari 2025. Nilikuwa dukani kwangu Sinza, steshenari ndogo karibu na kituo cha daladala, natoa kopi za vyeti vya kuzaliwa kwa mama mmoja mwenye haraka. Dakika mbili na sekunde kumi na moja. Nyuma ya sauti ya Mjomba unasikia injini ya lori, na chini ya injini kuna mtu anaongea Kiingereza kwa kasi kama hapumui. Hiyo ndiyo redio. Mjomba anaendesha semi-trela kutokea Columbus, Ohio, mwaka wa kumi na tisa sasa, na redio yake haizimwi.

Alichosema ni kwamba serikali ya Marekani ilikuwa imetenga dola milioni 50 za kununua kondomu na kuzipeleka Gaza, kwamba serikali mpya ya Trump imegundua na imezuia. "Halafu nyie huko mnalia misaada imesimamishwa," akamalizia.

Shangazi alijibu wa kwanza: jamani, humu kuna watoto. Mama hakusema kitu. Aliyeniuma ni binamu yangu wa Temeke. Wiki hiyohiyo alikuwa ameambiwa asiende kazini mpaka atakapoitwa, kwa sababu alikuwa karani wa takwimu kwenye mradi wa dawa za UKIMWI uliokuwa ukilipwa na fedha za Wamarekani. Nikaona alama mbili za bluu, ameusikiliza ujumbe. Hakuandika neno.

Nikafunga duka saa mbili usiku, nikanunua bando, nikakaa.

Kumtendea haki Mjomba, jambo lile halikutungwa na redio yake. Msemaji wa Ikulu ya Marekani, Karoline Leavitt, alilisema mbele ya waandishi tarehe 28 Januari, na redio zikalichukua zikalizungusha. Kwa hiyo Mjomba aliposema "imetoka Ikulu" hakuwa anadanganya. Swali lilikuwa Ikulu nayo imetoa wapi. Nilisoma mpaka macho yakauma. Shirika lililotajwa kuwa ndilo lilikuwa na fedha hizo lilieleza kuwa lilikuwa linaendesha hospitali za muda Ukanda wa Gaza, na kwamba hakuna fedha ya Marekani lililotumia kununua kondomu huko. Karatasi yenye neno kondomu, neno Gaza na milioni 50 hakuna aliyeionyesha.

Kesho yake asubuhi alikuja mzee mmoja jirani, mstaafu, ambaye karibu kila wiki ananiletea karatasi zake za pensheni nimtolee kopi. Akanikuta nimeinamia simu, akauliza kulikoni. Nikamweleza. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua miwani.

"Gaza ipi?"

Nikamwambia Gaza ya Wapalestina, kuna nyingine?

"Samora Machel kazaliwa Gaza," akasema. "Mondlane naye kazaliwa Gaza. Msumbiji huko, mkoa mzima unaitwa Gaza. Wewe unapita Barabara ya Samora kila siku unaenda Posta, hujui mwenye jina katoka wapi?"

Kweli sikujua. Yeye alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili hapa mjini tarehe 3 Februari 1969, siku Eduardo Mondlane alipouawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, kule Oysterbay. Anakumbuka mtu alivyopita mtaani kwao anatangaza kwa mdomo, kabla redio haijasema. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji alichokiongoza Mondlane, kilizaliwa hapahapa Dar mwaka 1962, na wazee wa rika lake wanalijua jina la Gaza kwa njia hiyo.

Nikarudi kwenye simu, safari hii natafuta Msumbiji. Waandishi waliokuwa wamepekua orodha za misaada walikuwa wameshalikuta: mradi mkubwa wa UKIMWI na kifua kikuu katika mikoa ya Gaza na Inhambane, Msumbiji. Siwezi kuapa kwamba huo ndio uliomchanganya aliyeandaa maneno ya Ikulu. Ninachoweza kusema ni kwamba Gaza yenye mradi wa UKIMWI wa Marekani ipo, iko jirani yetu, na watu wake wanakunywa dawa zilezile ambazo binamu yangu alikuwa akizihesabu Temeke.

Kisha nikapiga hesabu, maana Mjomba ni mtu wa hesabu, anajua lita za dizeli kwa kila maili. Kondomu za msaada zinazonunuliwa kwa wingi ni senti chache za dola. Nikaweka senti 5, bei ya juu. Milioni 50 gawanya kwa senti 5 ni kondomu bilioni moja. Ukanda wa Gaza una watu kama milioni mbili, pamoja na vichanga na vikongwe. Ni kondomu mia tano kwa kila kichwa.

Nilimtumia ujumbe wa sauti, si maandishi. Mjomba hasomi maandishi marefu barabarani na sitaki asome. Nilianza na shikamoo, nikamuuliza safari, nikamwambia ya mzee na Samora, nikamaliza na hesabu. Sikusema redio yake inadanganya. Tarehe 11 Februari Elon Musk, aliyekuwa akisimamia ukataji wa matumizi ya serikali ya Marekani, aliulizwa na waandishi ndani ya ofisi ya rais kuhusu kondomu hizo, akakiri kwamba baadhi ya anayoyasema yatakuwa si sahihi na yapaswa kurekebishwa. Nikamtumia na hiyo. Jibu la Mjomba lilikuwa fupi: "Nimesikia, mpwa wangu. Hiyo ya Musk redio hawakuisema."

Neno hilo ndilo limenifanya niandike leo.

Wengi wetu hapa nyumbani hatujui redio za namna hiyo zikoje. Si taarifa ya habari, si muziki. Mtu mmoja anakaa mbele ya maiki saa tatu mfululizo, siku tano za wiki, anachambua siasa kutoka upande mmoja, wa wahafidhina, na wasikilizaji wanapiga simu. Aliyeifanya kuwa biashara kubwa ni Rush Limbaugh, aliyeanza kusikika nchi nzima tarehe 1 Agosti 1988. Kipindi chake kilianza saa sita mchana kwa saa za New York, ambayo kwetu ni saa moja usiku au saa mbili kutegemea majira yao. Mjomba alimsikiliza miaka yote mpaka mtu yule alipofariki Februari 2021, na siku ile alinipigia simu kama aliyefiwa na jirani. Sikuona ajabu. Ukiwa peke yako kwenye kibanda cha lori, theluji nje, lugha si yako, na kuna mtu anakuongelesha saa tatu kila siku wala hakuonyeshi kwamba amekuchoka, huyo ni mwenzako.

Zamani Marekani ilikuwa na kanuni, tangu 1949, iliyotaka redio na televisheni zizungumzie mambo yenye ubishani na zitoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Tume yao ya mawasiliano iliifuta mwaka 1987. Wapo wanaosema kanuni ile ilidai dakika sawa kwa kila upande. Haikudai hivyo. Ya muda sawa ni sheria nyingine, inahusu wagombea, na bado ipo. Nalitaja kwa sababu ukiwa mtu wa kukagua maneno ya upande mmoja, ni rahisi kuyapokea ya upande wa pili bila kuyapekua. Tena kufutwa kwa kanuni peke yake hakukuzaa redio hizi. Muziki ulikuwa umehamia FM, vituo vya AM vimebaki na saa tupu, na kuongea ni bei rahisi.

Saa kumi na tano kwa wiki, mtangazaji mmoja. Sentensi ya kondomu ilichukua sekunde zisizofika kumi. Kuifuatilia kulinichukua jioni nne.

Nina sababu yangu ya kujali hili. Kabla ya duka nilifanya kazi miaka mitatu kwenye redio moja hapa Dar, jina naliacha. Nilikuwa naandaa vikaratasi vya mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, kile cha kupitia magazeti. Siku moja nilinakili takwimu ya bajeti ya wilaya nikaandika bilioni mahali palipokuwa na milioni. Ikasomwa. Wasikilizaji wakapiga simu wakiwaka, wakimtaja mkurugenzi wa wilaya kuwa mwizi. Nilipogundua nilikimbia kwa aliyekuwa msimamizi wangu. Akaniambia kipindi kimeshapita, kesho kina mada nyingine. Sikusisitiza. Nilikuwa na miaka ishirini na nne na nilihofia kibarua changu. Gazeti likikosea unaweza kulikata ukalibandika ukutani. Neno la redio linabaki kwa aliyelisikia, likiwa na sauti ya mtu anayemwamini, na hakuna wa kumfuata huko alikokwenda nalo. Kuna mtu Kigamboni au Mbagala ambaye mpaka leo anajua mkurugenzi yule aliiba, na aliyemwambia ni mimi.

Kwa hiyo sikai kumcheka Mjomba. Nafanya kile nilichopaswa kufanya wakati ule.

Njia yangu ni moja tu: nauliza aliyesema alisikia wapi, na yule naye alisikia wapi, mpaka nifike kwenye karatasi au kwa mtu aliyekuwepo. Chukua mfano wa zamani ambao Mjomba bado anautaja, safari ya Obama India, Novemba 2010. Redio zilisema ile safari inagharimu dola milioni 200 kwa siku. Limbaugh alisema, na wenzake wakasema. Mbunge mmoja, Michele Bachmann, naye akaitaja kwenye televisheni. Ukirudi nyuma unafika kwa shirika la habari la India, Press Trust of India. Rudi hatua ya mwisho, unamkuta ofisa mmoja wa jimbo la Maharashtra asiyetajwa jina. Basi, hapo barabara inaishia. Mtu asiye na jina, wa serikali isiyolipia safari hiyo, ndiye aliyezaa namba iliyovuka bahari. Ikulu ilikanusha, na wakaguzi walionyesha kwamba vita nzima ya Afghanistan wakati ule ilikuwa ikigharimu kama dola milioni 190 kwa siku.

Ila gharama za safari za marais si uzushi, na hapo Mjomba ana hoja. Ofisi ya bunge lao inayokagua matumizi ilitoa ripoti mwaka 1999 kuhusu ziara ya Bill Clinton Afrika mwaka uliotangulia: si chini ya dola milioni 42.8, bila kuhesabu walinzi wa rais. Nchi sita. Ni fedha nyingi mno. Ni sawa kabisa mlipakodi wa Ohio akasirike, lakini akasirikie namba iliyopo.

Mwaka 2013 Obama alipokuja kwetu Mjomba alinipigia: redio inasema safari ni dola milioni 100 na jamaa yuko mbugani anatazama simba. Nilikuwa Ubungo, nimesimama jua la utosi na umati pembeni ya barabara ya Morogoro, tumeambiwa tusivuke. Nikamwambia Mjomba, hapa hakuna simba, anakuja kwenye mitambo ya umeme. Ile milioni 100 ilitoka Washington Post, ambayo ilikuwa imepata makadirio ya kati ya milioni 60 na 100 kwa ziara nzima ya nchi tatu. Gazeti lilisema kati ya. Redio ikachukua ncha ya juu. Na safari ya mbugani ilikuwa imepangwa kweli, ikafutwa kabla hawajaondoka kwao. Kila kipande kilikuwa na mzizi. Obama akaondoka Julai 2, tukabaki na barabara ya baharini yenye jina lake.

Lililonigharimu zaidi ni la vikao vya kifo.

Mwezi Mei, Mjomba akiwa amepaki Indiana kusubiri mzigo, tuliongea saa nzima. Akasema sheria ya afya ya Obama ilitaka wazee waitwe mbele ya jopo waamuliwe nani afe. Anaamini hivyo tangu 2009. Nikafuatilia. Tarehe 16 Julai 2009 mwanasiasa mmoja aitwaye Betsy McCaughey alisema kwenye kipindi cha redio cha Fred Thompson, seneta wa zamani na mwigizaji, kwamba muswada unalazimisha wazee kila miaka mitano wahudhurie kikao cha kuelekezwa namna ya kumaliza maisha yao mapema. Mwezi uliofuata Sarah Palin akaandika neno lililoshika: majopo ya kifo. Mwisho wa mwaka PolitiFact, wakaguzi waliotokana na gazeti moja la Florida, wakaliita uongo mkubwa wa mwaka.

Kifungu chenyewe ni cha 1233. Nimekisoma, kwa Kiingereza chao kigumu, na kamusi pembeni. Kilisema bima ya wazee itamlipa daktari akikaa na mgonjwa kuzungumzia anataka atibiwe vipi siku akishindwa kujisemea. Anayetaka. Hiyo ya miaka mitano ni kwamba daktari halipwi tena kwa kikao kingine kabla haijapita, isipokuwa hali ibadilike. Kiliondolewa kabla sheria haijapita mwaka 2010. Mazungumzo hayo yalikuja kuanza kulipwa Januari 2016, na hakuna bibi aliyeitwa mbele ya jopo.

Sikumtumia kifungu. Nilimpigia.

"Mjomba, unakumbuka kikao cha Babu?"

Akanyamaza. Mwaka 2018 Babu, yaani baba yake Mjomba, alikuwa amelazwa, figo zimegoma. Daktari alituita kwenye chumba kidogo, Mama, Shangazi, mimi nimeshika simu na Mjomba yuko hewani kutoka Ohio. Daktari alimgeukia Babu mwenyewe, akamuuliza: Mzee, tukifika mahali mashine ndiyo inayopumua badala yako, unataka tuendelee, au unataka urudi nyumbani? Babu akasema nyumbani. Mama alilia. Mjomba alimshukuru daktari yule kwenye simu, kwa sauti inayotetemeka, kwa kumuuliza Babu mwenyewe badala ya kutuuliza sisi. Babu alikaa nyumbani wiki tatu.

"Kile ndicho kifungu, Mjomba. Daktari alipwe kwa muda aliokaa pale."

Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekata. Kisha akasema, "Nyie mngeniambia hivyo miaka yote."

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu sikuwa nimewahi kukisoma.

Siku hiyohiyo nilimwambia na lake. Obama aliwaahidi Wamarekani kwamba mwenye bima anayoipenda ataendelea nayo. Watangazaji wa Mjomba walisema kwa miaka kwamba ahadi hiyo haitatimia. Mwaka 2013 mamilioni walipokea barua za kufutiwa bima, Obama akaomba radhi kwenye televisheni, na PolitiFact haohao wakaiita uongo mkubwa wa mwaka 2013. Redio ya Mjomba ilikuwa sahihi. Nilimweleza bila kuzungusha, naye akacheka kwa furaha, akaniomba nirudie mwaka. Tangu siku hiyo ananitumia vipande mwenyewe, viwili au vitatu kwa wiki, vingine vya siasa za kwetu alivyotumiwa na rafiki zake. Vya kwetu huwa naanza kwa Nukta Fakti na JamiiCheck, nione kama wameshavishughulikia.

Binamu wa Temeke hakurudishwa kazini. Anauza vitafunwa asubuhi sasa, sambusa na kachori, pale kwao. Mjomba alimpigia Juni. Sijui waliongea nini. Najua alimtumia fedha za kununulia jiko la gesi la plati mbili, na kwenye grupu hakuandika chochote.

Mimi nachapisha kila kitu. Kifungu cha 1233, kurasa za ripoti ya 1999, taarifa ya shirika la hospitali za Gaza, vyote viko kwenye boksi faili la bluu chini ya kaunta, vimetobolewa na kupangwa kwa tarehe, na pembeni nimeandika Kiswahili kwa kalamu. Mzee jirani amechangia ramani ya Msumbiji aliyoitoa kwenye atlasi yake ya shule. Mjomba anakuja Desemba, wiki tatu, na amesema atakaa dukani asubuhi asome. Nimeshanunua kiti cha pili.